Niliikataza Laptop ya Rahma Kulala

Mimi ndiye niliyeunguza mikono ya yule bibi. Si mjukuu wake. Mimi! Nalisema hili kwanza, kabla woga haujanirudia nikafuta.

Ni fundi laptop, nina meza Kariakoo, upande wa Gerezani. Tunakaa wawili, mimi na dada mmoja anaitwa Salma. Kazi yetu kubwa ni kupiga window upya, yaani kufuta na kuweka programu mpya, kwenye mashine za mtumba.

Kuna wakati uliingia mzigo wa laptop za aina moja, nzuri kwa macho ila zina ugonjwa. Ukifunga kifuniko inalala, halafu haiamki tena. Wateja wakanirudishia na matusi juu. Nikahangaika nikapata dawa: amri fupi ya kuikataza mashine kulala, ufunge usifunge. Zikapona! Nikajiona kichwa.

Kosa ni pale nilipoiweka hiyo dawa. Mafundi wengi tuna flashi moja ya kupigia mashine zote, kazi iende chapchap. Nikaipachika humo humo.

Salma aliniona. "We kaka, hiyo si ya kila mashine. Iwekee sharti, isome kwanza jina la mashine. Ikikuta ile mbovu ifanye kazi, ikikuta nyingine ipite."

"Kwani isipolala itakufa? Wateja wanasubiri bwana!"

Sharti lenyewe mistari miwili tu, jamani. Nikaona uvivu.

Ndipo akaja Rahma, binti wa chuo anayeishi na bibi yake mtaa wa pili. Laptop yake haikuwa ya ule mzigo. Ilikuwa nyembamba, nzima kabisa, imekuwa nzito tu kufungua vitu. Nikaipiga kwa flashi ile ile.

Siku ya tatu, mchana, alifunga kifuniko akijua imelala, akaitia kwenye begi, begi akaliacha kitandani, akaenda kuoga. Kumbe iko macho! Ikachemka humo bila hewa mpaka betri ikalipuka. Bibi alikuwepo chumbani. Alilishika lile begi kwa mikono yake miwili alitoe nje, akijua masomo ya mjukuu wake yamo humo.

Mikono ile ndiyo iliyomlea Rahma kwa kuuza vitumbua. Sasa vidole havikunjiki.

Nilienda kumpa pole. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu," akaniitikia vizuri, mikono imefungwa bandeji. Shangazi mtu alikuwa anamfokea Rahma: "Mzembe wewe! Umemuunguza mama!"

Rahma akanigeukia analia. "Kaka fundi, waambie. Ukifunga si inalala?"

Wallahi ulimi ulikuwa wangu, ningeweza kusema kweli. Nikasema, "Labda hukufunga vizuri."

Chuo kaacha. Anakaanga vitumbua badala ya bibi, na nyumbani wanamwita mzembe mpaka leo. Nikipita ananisalimia kwa heshima. Najichukia!

Fundi mwenzangu, dawa ya mashine moja iandikie jina la mashine hiyo, usiimwagie zote. Na wewe uliyepigiwa window kwenye meza za kwetu, izime kabisa kabla hujaitia kwenye begi. Nimeshaifuta kwenye flashi, lakini mashine zilizotoka sijui ziko kwa nani.

La kuvunda halina ubani. Kesho naenda kwa bibi, nikamwambie mbele ya shangazi mtu.

Rahma, dada yangu, ulifunga vizuri.