Msamaha Haukuzoa Tope

Siku ile ya mkutano wa mfereji haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa wewe bado hujazaliwa na mimi mwenyewe ndiyo kwanza nimeingia kidato cha nne. Utaniuliza, mama, nasaha za wazee ulizitoa wapi na umri ule? Sikuzitoa kwangu. Nilizisikia kwa Bibi. Na kwa kuwa mimi si msemaji, mbele za watu ulimi hunikauka hata nikiulizwa jina, nimeona nikuandikie wewe. Wewe hutanicheka.

Kijiji chetu kipo kati ya Kiberege na Mkula, kando ya barabara. Maji ya mpunga tunayapata kwa mfereji mmoja unaoteremka kutoka mlimani, na kila shamba lina lango lake la ubao. Mfereji ni mmoja na mashamba ni mengi, basi tunapeana zamu. Ukifungua lango siku isiyo zamu yako, unazoa tope la mfereji kutoka lango kuu hadi darajani, tena zamu yako inayofuata inarukwa. Hakuna faini ya pesa. Wazee walikataa tangu mwanzo, wakasema mwenye pesa atafungua kila siku na kulipa huku anacheka. Tope halina tajiri.

Mwaka ule Baba alichaguliwa mwenyekiti wa mfereji. Uchaguzi wetu ni wa kunyoosha mikono, kwa hiyo kila mtu anajua mkono wa mwenzake ulikwenda wapi, na nadhani ubaya ulianzia hapo. Baba mdogo Festo, mdogo wake Baba wa tumbo moja, alimpigia debe. Nikisema debe nina maana ya debe lenyewe la bati. Alilizungusha kijiji kizima akilipiga mpaka likabonyea. Mama Tekla, jirani yetu mjane, alimnyooshea mkono mgombea mwingine. Wala hakuficha. Alimwambia Baba mbele za watu, "Shemeji, nakupenda, ila wewe huwezi kumkatalia ndugu yako." Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini kwa meno tu.

Vuli ilichelewa. Ilipofika Desemba mpunga wa wengi ulikuwa umebeba mimba, na mpunga wenye mimba ukikosa maji unazaa mapepe, maganda matupu yasiyo na punje. Siku ya zamu yake, Mama Tekla alikwenda shambani na binti yake Tekla, ambaye mimi na yeye tulikuwa tunakaa dawati moja. Wakakuta mfereji mkavu. Huko juu Baba mdogo Festo alikuwa amefungua lango lake, maji yote yamelala kwake, bata wanaogelea. Mzee Kalisti, msimamizi wa malango tangu mimi sijaanza shule, alimkuta papo hapo. Kesho yake Mama Tekla alipoona mpunga unanyauka akafungua lango lake katika zamu ya mtu mwingine, naye akakamatwa. Hakukimbia wala hakulia. Alisema, "Nimefungua, ndiyo. Ya jana nani atanirudishia?"

Mkutano ukaitishwa mara baada ya sikukuu ya Uhuru. Redio zilikuwa zimetangaza msamaha wa Rais kwa wafungwa, na majina ya walioteuliwa kushika nafasi hii na ile. Kijiweni wazee walikuwa wakisikiliza kila jina na kuuliza swali lilelile: "Huyu ni wa nani?" Hawakuuliza anajua nini, wala amefanya nini. Ni wa nani, basi. Nilidhani ni mzaha wao wa kupitishia kahawa.

Tulikaa kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa. Baba akasimama, akakohoa kidogo.

"Ndugu zangu, hata mkuu wa nchi amesamehe. Sisi ni nani tusisamehe? Festo ni kijana, na hili ni kosa lake la kwanza. Nimemsamehe."

Mama Tekla akainuka. "Ahsante, mwenyekiti. Na mimi ni kosa la kwanza."

"Wewe, mama, suala lako ni tofauti. Sheria ni sheria."

"Tofauti yake nini, shemeji?"

Kabla Baba hajajibu, sauti ikatoka nyuma: "Hukupiga debe!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Tekla hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Baba akasubiri watulie, kisha akaongeza kwamba Mzee Kalisti amechoka, anastahili kupumzika, na kuanzia siku hiyo msimamizi wa malango ni Festo.

"Nimechoka?" Mzee Kalisti aliuliza. "Nani kakwambia? Mke wangu?"

"Fisi kapewa bucha!" ikasema tena ile sauti ya nyuma. Safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Bibi, mama yao Baba na Festo, alikuwa amekaa chini kwenye kanga yake, anamenya karanga. Hakusema neno pale, na hata tuliporudi nyumbani hakusema. Mwanangu, mzee akikugombeza, shukuru. Mwogope akinyamaza.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu na jembe halikuwepo. Mtu akapita akatuambia Bibi yuko mfereji mkuu, ndani ya tope. Mama akanituma mbio: "Kamrudishe bibi yako, watu watatusema!" Nikamkuta kanga ameifunga kiunoni, miguu imezama, anavuta tope na kulitupa ukingoni. Akanitazama.

"Kama umekuja kunirudisha, rudi. Kama umekuja kuzoa, vua ndala."

Nikavua.

Baadaye Baba akaja na pikipiki. Akasimama ukingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwenyekiti."

Hakuwahi kumwita hivyo. Nikaona lile neno limempiga Baba kuliko kofi.

"Mama, toka humo. Unanidhalilisha."

"Nazoa tope la Festo. Kosa umelisamehe, lakini tope hili hapa, halikusikia msamaha wako. Alizoe nani?"

"Yule ni ndugu yangu, mama. Damu nzito kuliko maji."

"Haya. Kamwagilie mpunga wa Mama Tekla kwa damu."

Bibi akaegemea mpini wa jembe. Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililoniuma.

"Festo alikuibia wewe? Maji yalikuwa ya yule mama. Umesamehe cha mtu, kama anayegawa kuku wa jirani halafu anapokea shukrani. Na Kalisti umemtoa kwa kosa gani? Kosa lake ni kumwona Festo. Mchuma janga hula na wa kwao, baba. Nyote wawili nimewazaa mimi. Nimekuja kula fungu langu."

Nilidhani Baba atashuka kwenye tope. Akawasha pikipiki akaondoka.

Watu wakaanza kuja kutazama. Mmoja akapaza sauti kwamba mwenyekiti sasa ameajiri mama yake. Mama Tekla naye akaja, maana adhabu yake haikufutwa. Yeye akaanzia darajani, Bibi akaendelea kutoka juu, wakawa wanasogeleana. Walipokutana Mama Tekla akasema, "Bibi, pumzika basi." Bibi akajibu, "Nikipumzika mimi, Festo atakuja?" Wakacheka mpaka wakakaa kwenye tope, wanawake wawili, mmoja anaumwa mgongo na mwingine mpunga wake unakauka. Mimi nilishindwa kucheka. Zamu ya Mama Tekla ilifika ikarukwa, na Festo, msimamizi mpya, ndiye aliyeshika lango lisifunguke.

Siku kadhaa zikapita hivyo. Nyumbani Baba alikuwa anakula peke yake, anakwepa macho ya Bibi. Kisha jioni moja nikamwona anakuja kwa miguu, jembe begani, na Baba mdogo Festo nyuma yake amevimba mdomo. Wakaingia mferejini. Baba alizoa, na alipotoka alikwenda kwa Mzee Kalisti kumwomba arudi kazini, kisha akaenda mwenyewe kufungua lango la Mama Tekla. Maji yakaingia. Waliokuwepo wakashusha pumzi. Nami nikalala nikijua yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mpunga haungoji mtu amalize kiburi chake.

Wakati wa mavuno, mwanangu, shamba unaweza kulisoma ukiwa barabarani. Mpunga uliojaa huinamisha vichwa. Wa kwetu uliinama, wa Festo uliinama mpaka ukalala. Wa Mama Tekla ulisimama wima, mzuri wa kutazama, unacheza na upepo. Mapepe. Shule zilipofunguliwa Tekla hakuja. Mama yake alimpeleka Kidatu kwa mjomba wake anayefanya kazi kwenye miwa, kwa sababu nyumbani hakukuwa na cha kumlisha. Hakuniaga. Dawati letu nalikalia peke yangu, na mwalimu akiuliza upande ule uko wazi kwa nini, mimi huinamia daftari.

Bibi ana desturi yake: mchele mpya haupikwi nyumbani kabla ungo mmoja haujakwenda kwa jirani. Ungo wa kwanza akaupeleka kwa Mama Tekla, umejaa. Naye akapokea, akashukuru. Jioni akaja mwenyewe kurudisha ungo, umefunikwa kitambaa, maana kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hata limao moja utatia. Akampa Bibi kwa mikono miwili.

"Mnisamehe," alisema. "Mwaka huu nilichovuna ni hiki."

Alipokwisha kuondoka Bibi akafunua. Ndani kulikuwa na mapepe, yamepepetwa vizuri, safi, kama mtu anavyoandaa mbegu. Baba akachukua kiganja kimoja, akapuliza kidogo tu. Yakaruka yote. Hakikubaki kitu mkononi.

"Lakini nilimrudishia maji, mama."

"Ulimrudishia maji," Bibi alisema. "Siku zake hukumrudishia."

Usiku ule Baba hakula wali. Na mpaka leo redio ikianza kusoma majina ya walioteuliwa au waliosamehewa, huinuka akatoka nje.

Ya Ikulu mimi siyajui, mwanangu. Ninayoyajua ni ya mfereji. Ila naona swali la wale wazee wa kijiweni halikuwa mzaha, na sitaki siku moja wakuulizie wewe. Ukipewa nafasi kwa sababu ni mtoto wa fulani, ikatae, hata kama fulani huyo ni mimi. Ukipewa uwezo wa kusamehe, na kusamehe ni kuzuri, usianze na aliye karibu na sikio lako. Nenda kwanza kwa aliyeibiwa, kaa naye, mwulize. Msamaha ni wake, wewe unaubeba tu. Ukimsamehe mmoja, mtazame mwenye kosa kama lile aliyekunyima mkono wake, naye msamehe vilevile. Kama huwezi, basi waadhibu wote, na tope la ndugu yako kalizoe pamoja naye mapema, mpunga ungali na mimba. Majuto yetu sisi yalikuja na jembe begani, lakini yalikuja jioni.

Nenda kwa amani, mtoto wangu nisiyekujua bado. Mungu akujalie shamba linaloinamisha vichwa, akupe mama jirani asiyeogopa kukwambia ukweli, na kila ungo utakaoupeleka kwake urudi na kitu kisichopeperuka.