Shahidi wa Geti la Nkabinde

Bhekumuzi Nkabinde nimekuwa jirani yake kwa miaka kumi na tisa hapa Katlehong, na kama ungeniuliza habari zake kabla ya Alhamisi ile ya mwezi wa tatu, ningekuambia huyu hawezi kudhuru hata sisimizi. Anauza rangi za nyumba kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Unamjua kwa vidole vyake, leo vya kijani, kesho vyeupe. Hanywi, hapigani, hapandishi sauti. Mkewe alimkimbia kwa sababu hiyohiyo, ndivyo wanavyosema wenye midomo mirefu, na mimi ni mmoja wao. Nauza maandazi asubuhi, na anayeuza maandazi huuza na maneno.

Alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: gari dogo la kijivu alilolinunua likiwa kuukuu na kulitunza kama yai, na mama yake, MaMkhwanazi. Kila Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akamchukua mama kwenye maombi ya wanawake wa kanisa. Ungemwona bibi amekaa kiti cha nyuma, blauzi nyekundu, kola nyeupe, fimbo katikati ya magoti, kama mke wa waziri.

Mtaani kwetu mtu haingii kwake moja kwa moja. Unazunguka nyumba kadhaa kwanza, unaangalia kioo, ukiona hakuna anayekufuata ndipo unasimama kwenye geti, maana pale getini ndipo magari yanapotekwa. Alhamisi ile Bhekumuzi hakuzunguka. MaMkhwanazi alikuwa amebanwa na haja tangu kanisani. Akasimama, akashuka na funguo za geti, akaacha injini ikinguruma.

Nilikuwa dirishani kwangu natoa unga kwenye gunia. Wanaume wawili walitokea upande wa ukuta, mmoja ana bastola ameishika chini karibu na paja. Hawakupiga kelele. Bhekumuzi aliwaona, akalitazama gari, akamtazama mama yake. Kisha akapenya ndani ya geti, akalivuta, akafunga kufuli. Kufuli ilifunga vizuri. Bibi alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo, anamtazama mwanawe kupitia vyuma vya geti. Wale wawili wakaingia, gari likaondoka na bibi.

Sikupiga kelele hata mimi. Nililala chini ya meza, na unga umenijaa nyweleni.

Baada ya saa moja na nusu bibi alirudi na lori la mahindi. Wezi walimshusha kandokando ya barabara kuu, akasema dereva wa lori aliyekuwa nyuma yao, na yule mwenye bastola alimshika mkono asije akaanguka, akampa na fimbo yake. Mtaa mzima ulikuwa umeshajaa mlangoni. Binti wa bibi alikuja siku hiyohiyo, akamchukua kwenda kupumzika kwake Newcastle, saa chache kwa gari, kabla hajaongea na mtu.

Bibi akiwa ameshaondoka, redio ya mtaa iliwahi kufika kabla ya polisi. Msichana mmoja mwenye kipaza sauti alimkabili Bhekumuzi mbele ya watu hamsini, akamuuliza, na wewe mtoto wake wa kiume ulifanya nini? Swali lile lilikuwa kama kumvua mtu suruali. Akasema alipambana nao. Akasema alimng'ata mmoja mkono wa kulia mpaka akaonja damu. Watu wakashangilia. Kipaza sauti kikahamia kwangu, jirani wa geti kwa geti.

"Nimeona kwa macho yangu," nilisema. "Alimng'ata kama simba."

Kwa nini nilisema? Nimejiuliza mara nyingi. Nilimhurumia, hilo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba sijawahi kuulizwa jambo na redio maishani mwangu, nami sikutaka kujibu kwamba nilikuwa chini ya meza.

Wiki ile Bhekumuzi akawa Simba wa Katlehong. Watu walipiga simu redioni kumsifu, wengine kulaani polisi, wengine kudai wezi wachomwe. Wateja walipiga naye picha dukani. Kwenye simu zetu ujumbe ulizunguka usiku na mchana: mtafuteni mwenye jeraha mkono wa kulia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku zile niliiona ndefu na imejaa watu wanaopiga makofi.

Siku ya tano walimpata. Zakhele Mthombeni, fundi wa matairi pale kona, mtu wa makamo, mzaliwa wa Msinga asiye na ndugu hapa mjini. Mkono wake wa kulia ulikuwa na bandeji. Alisema aliungua akibandika kiraka, na kila aliyekuwa na macho angeiona mashine yenyewe bado ya moto. Walimpiga kwa vyuma vyake vya kutolea matairi. Wakamvunja mkono uleule na mbavu, wakaleta na tairi la kumvisha shingoni na petroli ya kumchoma, kabla hawajawasha polisi wakamnyakua. Akalazwa hospitali, amefungwa pingu kitandani. Redio ikatangaza kwamba wananchi wamemnasa mtekaji. Nilisikia tangazo hilo mikono yangu ikiwa kwenye kinyunya, nikaendelea kukanda.

Bhekumuzi hakuja kununua maandazi tena. Nikimwona kwa mbali, yeye anatazama mashariki, mimi magharibi.

MaMkhwanazi alirudi Ijumaa ya wiki ya pili, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa tambiko la shukrani kwa wazee wa ukoo waliotangulia, mbuzi na pombe ya nyumbani, kwa sababu alirudi mzima. Nilikwenda kumsalimia na nikamweleza habari za mtaa, kama kawaida yangu, mpaka nikafika kwa fundi wa matairi. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mkono gani walisema?" aliuliza.

"Wa kulia, mama."

"Mtoto wangu hakumng'ata mtu. Nawe ulikuwa dirishani, MaZwane. Nilikuona."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwuliza kama atakwenda polisi. Akasema akienda yeye atakuwa amemvua mwanawe nguo barabarani, ni bora avue mwenyewe. Kesho mwanawe atasimama mbele ya baba zake. Jua likizama hajasema, yeye atachukua fimbo yake aende kituoni kwa miguu.

Ndivyo ilivyo kwao. Kabla mbuzi hajachinjwa, mtoto mkubwa wa kiume hufukiza majani ya impepho upande wa nyuma wa kibanda cha mviringo kilichoko uani, mahali pa wazee, akawaita baba zake kwa majina ya sifa, kisha akawaeleza lililotokea, lote, kwa mpangilio wake. Huwezi kumshukuru mtu kwa jambo usilomweleza. Na mtu anaweza kudanganya hakimu, hata mchungaji, lakini sijasikia aliyedanganya pale akalala salama.

Tulijaa kibandani, wanaume kulia, wanawake kushoto. Bhekumuzi alipiga magoti, vidole vina rangi ya samawati. Moshi ukapanda. Aliita majina yote bila kukwama. Akaanza: siku ya Alhamisi nilimtoa mama kanisani. Wakaja wanaume wawili wenye bastola. Nikapambana nao, nika...

Mbuzi alilia nje.

"Sema nao vizuri," MaMkhwanazi alisema kutoka mkekani, taratibu tu. "Hao hawasikilizi redio."

Bhekumuzi alisema akiwa ameinamia yale majani, na tulilazimika kutega masikio. "Niliingia ndani nikafunga kufuli. Mama alikuwa ananitazama. Sikumng'ata mtu. Yule fundi hana kosa."

Hakuna aliyemzomea. Wanaume waliangalia kofia zao, maana baadhi yao nilijua walikuwepo pale kona. Bibi alisimama kwa fimbo yake, akamwendea, akamwekea kiganja kichwani, kilekile alichokiweka kwenye kioo. Akasema mbuzi asubiri.

Bhekumuzi aliomba mtu wa kumsindikiza kituoni, nikasimama mimi. Tulikaa kwenye benchi moja. Askari aliandika maelezo yake yote, akamwambia kosa la kudanganya lina kesi yake, naye Bhekumuzi akasema sawa. Kisha askari akainua kichwa.

"Na yule mwanamke aliyesema redioni kwamba aliona kwa macho yake, unamjua?"

Bega langu lilikuwa linagusana na lake. Bhekumuzi hakugeuka.

"Simjui," alisema. "Walikuwa watu wengi."

Nikaangalia viatu vyangu. Mtu aliyemwacha mama yake kwenye gari hakuniacha mimi, nami nikamwacha abebe peke yake.

Zakhele alifunguliwa pingu Jumatatu. Bhekumuzi alimpigia simu yule msichana wa redio amweleze, naye akamjibu kwa adabu kwamba wasikilizaji wameshahama, kuna gari limetekwa Vosloorus na dereva ameuawa. Kwa hiyo wapo wengi ambao mpaka leo wanamwita Simba, na kila wakimwita anawasimamisha, anawaeleza habari ya kufuli. Wengine wanacheka. Yeye anaeleza hivyohivyo.

Zakhele amerudi kona yake. Mkono haunyooki sawasawa, matairi anainua kwa goti. Kila asubuhi anakuja kwangu kuchukua maandazi manne, ananisalimia kwa heshima kabisa. Ameambiwa kwamba mimi ndiye niliyempeleka Bhekumuzi polisi; ya redioni hakuna aliyemwambia.

"MaZwane, dada yangu," huniambia, "bila wewe ningeozea kule."

Mimi namfungia manne yake kwenye gazeti, na la tano namwongezea. Anadhani ni wema.