Kona ya Ishirini na Nane

Zorka Kravanja alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mwenyeji wa Bovec, mji mdogo wa bondeni, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwavusha watalii mlima wa Vršič kwa basi dogo la shemeji yake, Drejc. Kona zote hamsini za barabara ile alizijua kama mtu anavyozijua ngazi za nyumbani kwake. Watu wa bondeni walimtania kwamba hata usingizini alikuwa akikata kona, ndiyo maana marehemu mumewe alikuwa akianguka kutoka kitandani.

Lakini tangu Septemba ya mwaka uliopita alikuwa mtu mwingine, na hakuna aliyejua. Siku hiyo alikuwa akirudi na basi tupu, mvua imekatika muda si mrefu, mara jiwe kubwa kama jiko la kuni likaporomoka kutoka gengeni na kutua barabarani, hatua tatu mbele ya kioo. Alikaa pale muda mrefu, akalizunguka jiwe, akaenda zake. Drejc alipomuuliza mbona kachelewa, alimjibu, "Kokoto tu, shemeji."

Theluji ikafunga barabara, naye akapumua. Mwezi Mei ilipofunguliwa, hofu ilikuwa ikimngojea palepale alipoiacha. Viganja vilimtoka jasho, akaanza kubeba taulo ndogo mapajani. Siku za zamu ya mlimani hakuweza kumeza kitu asubuhi. Na jambo lililomtisha kuliko yote, macho yake hayakutaka kutazama barabara. Yalikuwa yakipanda juu, gengeni, kutafuta lile litakaloanguka.

Jumanne moja ya mwezi Juni alipewa wastaafu kumi na watatu kutoka Prekmurje, upande ule wa nchi ulio tambarare kama meza, mpakani na Hungaria. Walikuwa wamelala Kranjska Gora, upande wa pili wa mlima, nao walitaka kuvuka mlima na kushuka mpaka kwenye mto Soča. Kiongozi wao alikuwa Gizela Kuzma, mwalimu mstaafu, mwembamba, aliyeipakata mkobani keki ya mbegu za mpopi kana kwamba ni mtoto mchanga. Mcheshi wao alikuwa Vilmoš Gomboc, aliyeendesha mashine za kuvuna ngano maisha yake yote, na sauti yake ilikuwa bado inashindana na injini.

Walipofika kona ya kumi na mbili, ukungu ukashuka ukafunika kila kitu.

"Dada dereva!" Vilmoš alipaza sauti kutoka nyuma. "Milima umeificha wapi? Sisi tumekuja kuona milima!"

"Ipo, mzee. Imejifunika shuka."

"Basi afadhali kwetu. Mimi nikipanda juu ya gunia la viazi naiona Hungaria yote!"

"Kwenu hata fuko akiinua kichuguu mnakwenda kupiga picha," Zorka alimjibu, na basi zima likaangua kicheko. Hakuna aliyeona jinsi alivyokuwa akifuta viganja kwenye taulo, kimoja kimoja. Matairi yalikuwa yakigonga juu ya mawe yaliyopangwa kwenye kila kona, na kila mgongo wa jiwe ulimfikia kifuani.

Kileleni walikunywa supu ya maharage na kabichi chachu. Walitaka kuuona uso wa msichana katika mwamba wa mlima ulio jirani, ule ambao wageni wote huuulizia, lakini walichoona ni ukungu na kondoo waliolala katikati ya barabara. Zorka hakuketi nao. Alisimama nje, kichwa kakiinamisha upande mmoja, akisikiliza. Maji yalikuwa yakidondoka kila mahali.

"Mama, huli?" Gizela alimfuata na kipande cha keki.

"Nimeshiba, mwalimu. Tuondoke."

Walianza kushuka upande wa bonde la Trenta kwa gia ya kwanza. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Alipoingia kona ya ishirini na nane akaisikia sauti: kitu kikavu, kama mtu anayemwaga viazi kwenye sakafu ya mbao. Akakanyaga breki. Vijiwe vikaruka mbele ya taa, kisha kimya.

Zorka akavuta breki ya mkono, akawasha taa za tahadhari. Mpaka hapo mikono ilimtii. Alipotaka kutia gia tena, mikono ikakataa. Ilikuwa imeshika usukani, vidole vyeupe, na yeye akiitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Kumbe kituo kingine hapa?" Vilmoš alianza, kisha akauona mgongo wake, akavua kofia.

Gizela alisogea akaketi kwenye kiti cha mbele. "Kuna nini, mama?" aliuliza polepole.

Zorka alijua kwamba lazima aseme neno. Gari lolote likitokea nyuma kwenye ukungu ule lingewavamia. Jibu la kokoto lilimjia mdomoni, tayari, akalimeza.

"Ninaogopa," alisema. "Mwaka jana jiwe lilitaka kuniua barabara hiihii. Sijamwambia mtu. Mikono imenikatalia."

Mama mmoja nyuma akaanza kusali kwa sauti ya chini. Vilmoš alikuja mbele, kofia mkononi, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Dada, niachie usukani. Miaka arobaini nimeendesha mashine pana kuliko basi hili."

Zorka aligeuka akamtazama. Mzee wa watu, mashavu mekundu, hajawahi kuona genge maishani mwake.

"Hapana, mzee," alisema, na sauti yake ikawa na nguvu ambayo yeye mwenyewe hakuitegemea. "Basi langu, watu wangu. Wewe chukua ile pembetatu nyekundu chini ya kiti, uiweke nyuma hatua hamsini. Tembea upande wa nje, mbali na genge. Wengine msishuke hata mmoja."

Vilmoš akatoka mbio kama askari. Zorka alifungua mlango wake, akasimama chini ya mwamba, akatega sikio. Akahesabu mpaka sitini. Hakikuanguka kitu. Mawe barabarani yalikuwa kama kumi, moja lina ukubwa wa kichwa cha kabichi. Aliyasukuma ukingoni kwa haraka, mengine kwa mikono, mengine kwa mguu, huku nywele za shingoni zimemsimama. Aliporudi ndani alikuwa amelowa, anahema.

"Mwalimu," alimwambia Gizela, "nitajie namba za kona kwenye vibao. Kwa sauti. Macho yangu yabaki chini."

Gizela akajikohoza, akaanza kama anayesomesha imla. "Ishirini na tisa. ... Thelathini, inapinda kulia." Walishuka mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Kwenye kona ya arobaini wakatoka kwenye ukungu ghafla, bonde likafunguka, na chini kabisa mto wa kijani. Zorka hakuutazama. Walipofika ya hamsini akasimamisha basi kando, akashuka, akatapika nyuma ya rundo la kuni.

Jioni alimwendea Drejc gereji akamweleza yote, tangu lile jiwe la Septemba. Drejc aliweka spana chini.

"Miezi tisa, shemeji? Na mimi nakupa watu?"

"Ungeniondoa mlimani."

"Ningekuondoa, ndiyo! Ulitaka nifanye nini, nikushonee suti ya mazishi?"

Alikasirika kweli, wakakaa siku nne hawasemeshani. Siku ya tano alimpa njia ya bondeni, Bovec mpaka Tolmin kando ya mto, na mlima akampa Matic, mtu wa makamo aliyeacha malori. Zorka alilia siku ya kwanza alipoliona basi lake linapanda bila yeye. Usingizi, hata hivyo, ulimrudia.

Sasa kila mvua ikinyesha humpigia Matic kabla hajaondoka.

"Umetazama juu?"

"Mama Zorka, unanitia wasiwasi asubuhi yote hii."

"Nimekuuliza, umetazama?"

Husubiri kwenye simu mpaka amsikie akifungua dirisha.