Shangazi na Seli za Utumbo

Fundi wetu wa maabara, ambaye sote tunamwita Shangazi, hufunga kila kitu mara mbili: chupa, bomba, hata mdomo wake akiwa na hasira. Analea seli za utumbo katika vikombe vidogo, na kila asubuhi huziinamia na kuzinong'oneza, "Shikaneni mikono, wanangu." Mikono yenyewe ni protini zinazoshona kila seli na jirani yake. Baadhi huziba kabisa, nyingine huacha upenyo mwembamba wa kupitisha chumvi. "Zikiziba kila kitu," huniambia, "mwenye utumbo atashiba lini?"

Juzi alikuwa akipima kama umeme unapenya kati ya seli zangu za utafiti wa shahada. Za kwanza zilivuja. Hizi nazo zikivuja, shahada yangu ndiyo basi. Mara profesa akaja na wageni, akausukuma mlango. Shangazi akauzuia kwa bega.

"Baridi itazishtua, zitaachana. Subirini huko."

"Shangazi, maabara hii ni yangu!"

"Ni yako, baba. Seli ni za mtoto huyu."

Profesa akashusha sauti: "Basi nipe miwani yangu, niliiacha humo."

Shangazi akafungua mlango upana wa vidole viwili, miwani ikapita, mlango ukafungwa. Akarudi kwenye kipimo chake, akakitazama sana.

"Umeme unapenya kwa taabu. Zimeshikana."

Nikamrukia kumkumbatia. Akanizuia kwa kiwiko.

"Nawa mikono kwanza."