Bugali Niliouacha kwa Ajili ya Michikichi

Nilirudi Lubondja nikiwa mnene. Baada ya shule ya msingi nilikuwa nimekaa miaka mitatu mjini Baraka kwa mama mkubwa, ambaye alikaanga maandazi karibu na soko. Kazi yangu ilikuwa kutunza moto. Andazi lililoungua halikuuzwa, lilikuwa langu, na mengi yaliungua. Kijijini watu walinishika mashavu wakasema, "Baraka imekutunza!" Nilifurahi, mpaka siku baba mdogo aliponipeleka kwenye michikichi ya marehemu baba.

Iko kando ya kijito, miti kumi na miwili. Tangu baba afariki, baba mdogo ndiye aliyeipanda na kukata ngazi, yale matunda yake, na mama ndiye aliyekamua mawese. Sasa bega la baba mdogo lilikuwa linamuuma. Akatoa mkanda wa kupandia, uleule wa baba, uliosukwa kwa nyuzi za mchikichi. Akauzungusha kwenye shina na kiunoni mwangu. Ncha zake hazikukutana.

"We mutoto," akasema, "huu mukanda ulimushika baba yako miaka yote. Wewe utaukata."

Akacheka. Alipouona uso wangu akaacha. Kisha akaniambia kwamba mvua zikianza kabla sijaweza kupanda, jirani atakuja, wameshakubaliana, na mwenye kupanda huchukua nusu ya ngazi. Nusu iliyobaki isingetutosha mama, dada yangu mdogo na mimi.

Mimi si mtu wa kusema. Nilifikiri peke yangu, nikamkumbuka mfanyabiashara mmoja aliyekuwa mteja wa mama mkubwa. Alikuwa na tumbo kubwa, halafu siku moja akaacha kununua maandazi. Alituambia munganga wa dispensari amemkataza bugali, wali, ndizi na sukari. Ale samaki, nyama na majani. Kabla ya miezi mingi kupita kanzu yake ilimwangukia kama ya kuazima. Nikaamua kufanya kama yeye.

Halikuwa jambo jepesi. Kwetu bugali wa mihogo ndio chakula, na samaki huusindikiza tu. Tulikula sote watatu katika sahani moja. Jioni ya kwanza nilichota sombe, majani ya mihogo, nikachukua ndakala, vile visamaki vikavu, nikachukua tena. Dada, aliyeniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akaufuata mkono wangu kwa macho.

"Mama! Yaya anakula samaki tupu! Sisi tutabakia na miiba!"

"Mwache, amechoka," mama akasema.

Niliona haya. Niliona pia kwamba nikitaka kushiba bila bugali, itanibidi nile sehemu yao. Tangu hapo nilichukua sombe kidogo, ndakala wawili au watatu, nikalala na njaa.

Siku ya nne mama aliweka bugali mbele yangu. Akakata tonge, akalichovya, akalila yeye kwanza huku akiniangalia. Hivyo ndivyo tunavyomfanyia mgeni asiyetuamini, ili ajue chakula hakina sumu. Sikuwahi kumwona mama akimfanyia mtoto wake.

"Umeona? Nimekula. Sasa niambie bugali yangu iko na nini."

"Haina kitu, mama."

"Basi ni mimi niko na nini?"

Nilitaka kusema mkanda, michikichi, mfanyabiashara. Nikasema nimeshiba. Akaondoa sahani polepole.

Nilipungua kweli. Juma la tano ncha za mkanda zilikutana, kwa kubana. Baba mdogo akafunga fundo, akalivuta mara tatu, akasema, "Panda." Nikapanda urefu wa watu wawili. Hapo miguu ikaanza kutetemeka, jasho la baridi likanitoka, na makuti ya juu yakazunguka. Nikashuka nimelikumbatia shina, kifua kimechubuka chote.

"Umekula nini asubuhi?"

"Maji."

"Na jana?"

"Sombe."

"We! Unapanda ngazi na tumbo la mbuzi?"

Safari hii hakucheka. Aliniangalia kifua, akaukunja mkanda, akaondoka nao.

Juma hilohilo kamio, lori la kubeba pamba, ilimleta yule mfanyabiashara kutafuta mawese. Mama akampa kiti, akamwandalia chakula. Yeye akaweka mkono kifuani.

"Mama, unisamehe. Sombe nitakula, na samaki. Bugali siwezi. Si mukono wako, ni ugonjwa wangu, ule wa sukari. Munganga amenikataza."

Maneno mepesi hivyo! Mimi niliyatafuta kwa majuma matano. Mama alinigeukia.

"Kumbe na wewe?"

Nikawaeleza yote, kwa sauti ndogo, macho chini. Mfanyabiashara akaacha kula.

"Mimi munganga alinipima, akaniuliza na kazi yangu. Nikamwambia nakaa kwenye kiti, napima chumvi. Wewe alikupima nani?"

"Hakuna mtu."

"Na unapanda miti! Basi panda mpaka Fizi, kwenye dispensari, umuulize munganga, usiniulize mimi. Lakini kilichokunenepesha nakijua, nilikuwa nakiona kila asubuhi: ni maandazi ya mama yako mukubwa, yale meusi!"

Dada alicheka mpaka akapaliwa. Mama naye alicheka, kisha akajifuta macho kwa kitenge, muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Nilikwenda Fizi. Munganga alinipima, akasema sina ugonjwa wa yule mzee. Mtu wa kazi kama yangu ale bugali, apunguze tonge, aache chai ya sukari na vya kukaanga. Nikafanya hivyo, na badala ya kukaa nikawa natwanga ngazi pamoja na mama. Nilipungua kidogo kidogo. Wembamba wa mfanyabiashara sikuufikia.

Siku chache kabla ya mvua baba mdogo alikuja na mkanda. Alikuwa ameufumua na kuuongezea nyuzi mpya, shibiri mbili.

"Nilifikiri ni uvivu umekunenepesha," akasema. "Halafu nikaona kile kifua."

Asubuhi ile mama aliweka bugali mbele yangu, tonge moja dogo, na ndakala juu yake. Hakuuonja. Aligeuka akaendelea kuchekecha unga wake. Nikala, nikaenda kwenye kijito, nikapanda mchikichi ulio mfupi kuliko yote. Miguu ilishika. Nilipokata, kichala cha kwanza kilianguka kwa kishindo, ngazi zikatawanyika, na dada akakimbia kuziokota.

Baba mdogo alikwenda kumwambia jirani asije.