Maziwa Ambayo Wambeti Alitaka Yaandikwe

Kwa miaka tisa uji wa watoto wetu wa chekechea, hapa nje ya Siakago, ulikuwa na maziwa kwa sababu ya mtu mmoja. Cucu Wambeti, bibi mzee wa hapa kijijini, ana ng'ombe mmoja tu, na katika ukame wetu huu kumlisha ng'ombe ni kazi ya kichaa. Hata hivyo kila asubuhi alifika getini na lita tatu. Mpishi aliyachemsha, watoto wakanywa. Hakuomba chochote. Mjukuu wake wa mwisho alishamaliza shule zamani.

Mwaka jana watu wa bunge la kaunti walikuja kukusanya maoni kuhusu mswada wa kuruhusu shule kuwapa watoto maziwa ya wafugaji wa hapa hapa. Mimi, mwalimu wa watoto hao, ndimi niliyemshawishi Wambeti aende. Akasimama mbele ya watu.

"Mimi ni mzee," alisema. "Nikienda, hawa watoto watakunywa nini? Andikeni, ndiyo ikae."

Tulimpigia makofi. Sisi watu wa huku tuna ugonjwa huo: jambo jema likitokea, hatutulii mpaka liwekwe kwenye karatasi na kupigwa muhuri.

Basi likaandikwa. Sheria ilipopita nilimkimbilia nyumbani kumpa habari. Alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya miezi miwili akaja shuleni afisa wa kukagua maziwa. Ni kijana mwenye adabu, siwezi kumsingizia. Akaukuta mtungi wa Wambeti jikoni.

"Hii maziwa imepimwa wapi, Mwalimu?"

Akanionyesha masharti ya sheria hiyo. Lazima maziwa yatoke kwa chama cha wafugaji kilichosajiliwa, yapitie kwenye tangi la kupozea, yawe na cheti. Tangi la karibu liko huko juu kwenye mashamba ya chai, na lori lake halishuki huku kwetu kwenye vumbi. Nikamuuliza watoto wanywe nini mpaka lishuke. Akasema hajui. Nilimwamini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kesho yake nikamzuia Wambeti getini. Niliona aibu hata kumtazama.

"Si wewe ulisema imepita?" akaniuliza.

"Imepita, Cucu. Lakini iko na masharti."

Ndani, Kaari wa miaka minne alimrudishia mpishi kikombe chake cha uji mtupu, akamwambia amesahau kitu.

Huu ni mwezi wa nne sasa, na lori hatujaliona. Wambeti bado anakuja na mtungi. Nikitikisa kichwa anarudi nao nyumbani bila ugomvi, na mimi ningefurahi sana kama angenitukana. Juzi hakuondoka. Aliniuliza mkutano mwingine wa maoni ni lini.

"Unataka kusema nini, Cucu?"

"Nataka kurudisha maneno yangu. Uwaambie nilikosea kusema iandikwe."

Nikamwambia sijui ni lini. Kengele ikalia. Nikafunga geti, naye akabaki nje na mtungi wake umejaa.