Mapanga Yangu na Ungo wa Mama Mkwe

Jamani, leo mama mkwe kanifundisha umeme!

Wiki tatu nachonga mapanga ya mashine ya upepo kutoka kwenye bomba la plastiki. Leo nikayapandisha juu ya nguzo, hapa nyumbani Qurus. Majirani wote wamekuja, simu zinarekodi.

Upepo ukaja, ule wa kung'oa kofia.

Mapanga kimya 😭

Nikapima nyaya. Nikalaumu grisi. Pembeni mama mkwe anapepeta maharage yake, wala haniangalii.

Mwishowe akasema taratibu, "Baba Neema, mbona umeupa upepo mgongo? Mimi nikishika ungo kifudifudi, nitapepeta nini?"

Nikatazama vizuri. Weee! Mapanga yote matatu nimeyafunga nyuma mbele!

Nikapanda ngazi, nikayageuza. Sijafika hata chini, yakaanza kuzunguka vuuuu, na taa ikawaka! Vigelegele hadi kwa jirani wa tatu!

Mama mkwe akachomeka simu yake kwanza, kisha akampigia dada yake wa Baray: "Njoo uone, nimetengeneza umeme."

NIMETENGENEZA, anasema!

Na fundi mwenyewe? Niko hapa na ungo, namalizia maharage yake.

Chekeni tu 😂